Mawese Ndani ya Barafu

Meno yangu ya mbele hayakubali kitu baridi. Hata maji ya mtungi, asubuhi nayaweka kwanza juani ndipo ninywe. Wajukuu wanacheka, wanasema mzee anapika maji mara mbili. Sipendi kuwaeleza habari ya pipa, maana nikianza habari ya pipa lazima nimfikie mwana-kwaya, na nikimfikia mwana-kwaya chakula kinapoa mbele yangu. Afadhali niandike mara moja, wasome wenyewe siku wanayotaka. Shule sikuikalia sana, kwa hiyo nikipotea njiani unisubiri, nitarudi.

Mimi nilikuwa fundi wa majiko ya Primus, hapa Kamembe, karibu na msikiti. Watu wa siku hizi hawayajui majiko yale. Yalikuwa ya shaba, yanakula mafuta ya taa, unapampu kwa mkono mpaka yanguruma. Ndani ya pampu kuna kipande cha ngozi, duara, kama kofia ya mtoto mchanga. Ngozi ile ikikauka, unaweza kupampu mpaka mkono uchoke na moto usiuone. Dawa yake tuliijua mafundi wote wa huku: unailaza ngozi ndani ya mawese, inalainika, unairudisha, jiko linaimba. Mawese hayakukosekana. Yalitoka Bugarama, yalitoka ng'ambo Bukavu, kila nyumba ilikuwa nayo. Tuliyapaka kwenye ngozi, kwenye mnyororo wa baiskeli, kwenye bawaba za mlango, hata kwenye visigino vilivyopasuka. Mke wangu alikuwa akisema, "Weye siku nikikufa utanipaka mawese ili nifufuke."

Basi. Kabla ya vita, na vita sitaviandika hapa, ilikuja kampuni moja ya Wazungu kufanya kazi kwenye barazhi, ule ukuta wa kuzuia mto ili kupata umeme, kule Mururu. Milango ya chuma iliyo chini ya maji ilikuwa imezibwa na takataka, magogo, magunia, majani, na ilibidi watu wazame kuifungua na kuichomelea. Wakajenga hangari la bati kando ya ziwa, chini ya Kamembe, la kuwekea vyombo vyao: chupa za hewa, nguo za mpira, na kile kidude cha kupumulia ambacho wao walikiita detanderi. Chupa ya hewa ina nguvu ya kumpasua mtu mapafu. Detanderi ndiyo inayoituliza ile hewa, inakupa kidogo kidogo, ukivuta inakuja, ukiacha inanyamaza. Nilipoifungua mara ya kwanza nilicheka. Ndani kulikuwa na kamba za mpira, springi, na kigamba kinachocheza mbele na nyuma. Niliona ni ndugu yake Primus, ila huyu ameoga.

Ndiyo maana walinichukua. Mkubwa wao, tulimwita patron tu, alikuja kwangu na jiko la kambini limekufa, nikalifufua akiwa amesimama. Kesho yake alimtuma dereva anichukue.

Pale hangarini nilimkuta yule mwingine. Alikuwa wa Bukavu, Mkristo, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, sauti nene kama ngoma. Kila asubuhi alivuka daraja kwa miguu na kipande cha mkate mkononi. Jina lake silitaji. Tulimwita mwana-kwaya, na mimi waliniita Fundi, na mpaka leo kuna watu wanaonifahamu miaka yote hii hawajui jina aliloniita mama.

Kazi yetu sasa. Utashangaa. Maji ya Kivu si baridi, batoto wanaoga humo mchana kutwa. Lakini patron alisema vile vidude havitabaki huku. Vikimaliza Mururu vitarudi kwao, kwenye mabarazhi ya milimani ambako maji yanakaribia kuwa jiwe. Na kule ndiko detanderi inakufa. Hewa ikitoka kwenye chupa kwa nguvu inakuwa ya baridi sana, na maji nayo ni ya baridi, basi vile vyuma vinaganda. Kikiganda kimefunguka, hewa yote inamwagika kama sufuria inayochemka, na mtu yuko chini hana kitu. Kwa hiyo alitaka kila detanderi ijaribiwe kwenye baridi kabla haijapewa mtu yeyote, hata wa Kivu. "Kama haikufa mu barafu, haitakufa popote," ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili chake cha kukanyagana.

Barafu tuliitoa depo ya samaki, mabonge makubwa yaliyofunikwa kwa vumbi la mbao, tunayaleta kwa mkokoteni. Yalinuka sambaza, wale dagaa wa Kivu. Kulikuwa na pipa kubwa la chuma, refu kama jeneza, tunalijaza maji na kuyavunjia mabonge ndani, patron anatumbukiza kipimo chake cha joto kwenye kamba, akitikisa kichwa tunaongeza. Halafu mmoja wetu anaingia. Nguo ya mpira niliyopewa ilikuwa fupi, iliniachia vifundo vya miguu na shingo. Unaweka detanderi mdomoni, unapiga magoti, unazamisha kichwa, unavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyefukuzwa. Patron anagonga pipa kwa spana: pigo moja, endelea, mapigo mawili, toka. Mwenzako amesimama na kamba iliyofungwa kiunoni mwako.

Baridi haikuanzia mwilini. Ilianzia kwenye fizi. Hewa yenyewe ilikuwa kama kulamba sindano. Midomo inakufa, hujui tena kama umeuma kile kipande cha mpira au umeuma ulimi. Mara nyingine detanderi ilishindwa, hewa inamwagika mdomoni mashavu yanapepea kama bendera, na mimi nilijifunza kuiacha ipite pembeni mwa mdomo na kuinuka polepole. Mwana-kwaya yeye aliruka kama samaki kila mara.

"Fundi, weye hauna damu," alikuwa akiniambia, meno yanagongana. "Uko kinyonga wewe."

"Na weye punguza kuimba ndani ya maji, ndiyo maana inakatika."

Nilikuwa nikirudi nyumbani mke wangu ananipa chai ya tangawizi na kuweka miguu yangu karibu na makaa. "Kwa hiyo unalipwa kwa kukaa mu barafu," alisema. "Si ungeenda kulala ku depo pamoja na sambaza, ni sawasawa, na samaki tungekula." Alikuwa mtu wa maneno, Mungu amrehemu. Lakini alijua kwa nini nilikwenda. Patron alikuwa ametuambia wote wawili mbele ya wazamiaji wake: kampuni itachukua mtu mmoja wa hapa, itamfundisha uzamiaji kabisa, atashuka Mururu, na kazi ikiisha atakwenda nao kwenye kazi nyingine. Mmoja. Yule mwingine atashika kamba mpaka kazi iishe, halafu kwaheri.

Mimi nilikuwa nimechoka na masizi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi hata siku ya Idi, mafuta ya taa yananuka kwenye mto wa kulalia. Nilitaka kuwa mtu anayeingia majini mweusi kwa kazi na kutoka safi. Unaweza kucheka. Mke wangu hakucheka. Alianza kusema kwa majirani, "Mume wangu atakuwa mupiga-mbizi," na alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha mimba.

Nisimame hapa kidogo niseme habari ya mfungo. Mwezi wa Ramadhani ulitukuta bado tuko kwenye pipa. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa msikiti, je, hewa ya chupa inafunguza? Alifikiri muda mrefu sana. Akauliza, "Ina ladha?" Nikasema ina ladha ya mpira. Akafikiri tena. Akasema hewa ni hewa, Mungu ndiye aliyeiumba hata wakiitia kwenye chupa, ila maji nikiyameza nimekula. Basi mwezi ule nilifanya kazi nikitema mate kama mwanamke mjamzito. Mwana-kwaya alikaa juu ya mabonge ya barafu na parachichi na chumvi, anakula akinitazama. "Papa Fundi, harufu tu haifunguzi, eh? Muulize tena mwalimu wako." Nilimpenda, kusema kweli. Mtu anayekushikia kamba ukiwa kichwa chini unampenda hata kama hutaki.

Na nilimfundisha. Mama yake alikuwa na Primus iliyokauka ngozi, akaileta. Nilimwonyesha hapo hapo hangarini, nikatoa kichupa changu cha mawese kwenye sanduku la vyombo, nikalaza ngozi, tukasubiri, nikairudisha. Jiko likaimba. Patron alipita akaona, akainusa ile chupa, akacheka. "Fundi, hii ni dawa yako ya yote?" Nikasema ndiyo patron, ya yote. Neno hilo nililisema kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya watu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, mfungo ulikwisha pita. Detanderi moja ilikuwa imefunguliwa juu ya meza, inasubiri kufungwa. Patron alikuwa na mafuta yake maalumu, meupe, kwenye kitubu kama cha dawa ya meno, ya kupaka zile kamba za mpira, na kitubu kilikuwa kimekwisha. Kingine kilikuwa kinakuja na ndege. Asubuhi akapanda gari kwenda kiwanjani kukipokea, akatuambia, "Hapana paka kitu. Ngojea mafuta yangu."

Saa sita nikanawa, nikachukua baiskeli, nikaenda kuswali. Kila Ijumaa nilikwenda, hangari zima lilijua. Sanduku langu nililiacha chini ya meza, kama siku zote. Hotuba ilikuwa ndefu siku ile, ilihusu majirani.

Niliporudi, detanderi ilikuwa imefungwa, inang'aa. Mwana-kwaya alikuwa amekaa mlangoni anajifuta vidole kwa majani. Vidole vilikuwa vya njano. Sikuwaza kitu. Saa nane mchana, mtu wa Bukavu, amekula ugali na lengalenga, ule mchicha wa mawese, vidole vitakuwa vya rangi gani? Kila mtu wa huku saa nane ana vidole vya njano.

"Umeshafunga?" nikamuuliza.

"Nimefunga. Nimeijaribu mu ziwa, Fundi. Inapumua kama mtoto amelala."

"Na mafuta ya patron?"

"Iko sawa, nakuambia. Weye unaogopaka sana."

Patron akafika wakati huo huo, hakupata kitubu, ndege haikuleta. Alikuwa na hasira ya jua na ya kungoja. Akaiona detanderi imefungwa, akauliza imefungwaje bila mafuta. Mwana-kwaya akasema, "Ilikuwa na mafuta ya zamani bado, patron, imetosha." Patron akaivuta mdomoni, akaona inakwenda laini, akakubali. Barafu ilikuwa tayari kwenye pipa inayeyuka. Akaniambia, "Fundi, ingia."

Nikaingia. Pumzi za kwanza zilikuwa nzuri kuliko siku zote, laini kweli, nikajiambia mwana-kwaya amekuwa fundi. Halafu ikaanza kuwa nzito. Navuta, inakuja kidogo. Navuta tena, kidogo zaidi. Patron akagonga mara moja, endelea. Nikavuta kwa tumbo, kwa mgongo, na ikawa kama kunyonya ukuta. Hakuna kitu. Nikainuka ghafla, nikapiga paji la uso kwenye ukingo wa pipa, nikatema kile kidude.

Patron aliifungua hapo hapo. Ndani, kwenye springi na kwenye kigamba, kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama mshumaa. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa. Unajua mawese asubuhi ya baridi huko Gitambi, yanavyokuwa kwenye chupa, mpaka uiweke karibu na moto? Ndiyo hayo. Ndani ya Kivu mawese ni maji. Ndani ya barafu ni saruji.

Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Aliinama chini ya meza, akavuta sanduku langu, akatoa kichupa changu, akakiweka juu ya meza karibu na ile detanderi.

"Dawa ya yote," akasema.

"Patron, si mimi. Mimi nilikuwa msikitini. Leo ni Ijumaa."

"Chupa ya nani?"

"Yangu. Lakini sikufunga mimi. Mwulize huyu." Nilikuwa natetemeka, na kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa uongo vinafanana sana, hilo nililiona usoni mwake. "Tazama vidole vyake."

Patron akatazama vidole vya mwana-kwaya, akatazama vya dereva, akatazama vya mlinzi. Vyote vya njano. Akacheka kwa pua. Halafu akamuuliza mwana-kwaya, "Nani alipaka?"

Mwana-kwaya alikuwa bado ameshika kamba yangu. Ilikuwa bado imefungwa kiunoni mwangu. Akasema, "Miye sijuwe, patron. Miye nilikuwa nabeba barafu. Nilikuta Fundi alisha ifunga kutoka asubui."

Nilimtazama. Yeye alitazama kamba.

Nilisema maneno mengi baada ya hapo, na kila neno lilinizamisha zaidi. Patron alisema mtu yeyote angeshuka na kile kidude mlangoni Mururu siku ya baridi angekuwa maiti. Alisema kosa analisamehe, kubisha hasamehi. Akasema, "Rudi ku majiko yako, Fundi." Mlinzi ndiye aliyenisaidia kuvua ile nguo fupi. Kichupa cha mawese nilikisahau mezani na sikukirudia.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akatia tangawizi kwenye chai. Hakusema utani wowote. Kesho yake alipita kwa majirani akitazama chini, na hilo ndilo ninalomdai mwana-kwaya kuliko kazi.

Yeye alifundishwa. Alishuka Mururu. Watu walikwenda kumtazama akitoka majini na chupa mgongoni kama askari. Baadaye alikwenda nao mbali, akarudi na saa kubwa ya mkononi inayoingia majini, akajenga ng'ambo, akazaa mabinti wazuri. Na mimi? Habari ya mawese ilitoka hangarini kabla sijafika nyumbani. Wakaniita Fundi Mawese. Kwanza kwa mzaha, halafu watu wakaanza kusema huyu ndiye aliyetaka kumwua Mzungu kwa mafuta ya kupikia, na majiko yakaanza kupelekwa kwa fundi mwingine upande wa stendi. Baadaye Primus zenyewe zikafa, ikabidi nitengeneze miavuli na kufuli. Ukiniuliza kipi kiliniumiza, sitasema miavuli.

Kitu cha ajabu ni kwamba hatukugombana. Alikuja kwangu siku za Idi, akila pilau, akimwita mke wangu Maman kwa heshima. Nilikwenda kwake Krismasi. Kila mara nilifikiri, leo atasema. Mke wangu alipofariki alikuja akaimba kaburini kwa ile sauti yake, watu wakalia, na mimi nilikuwa nasubiri amalize ili anivute pembeni aseme. Alimaliza, akanikumbatia, akavuka daraja.

Mwaka jana aliozesha binti yake wa mwisho. Kijana ni wa huku, kwa hiyo sherehe ilifanyika Kamembe, kwenye hema, na mimi nikawekwa meza ya mbele pamoja na wazee wa msikiti, kwa sababu bibi arusi ananiita Papa Mukubwa. Mwana-kwaya akapewa kipaza sauti. Amezeeka, lakini sauti bado. Akaanza kusimulia ujana wake, pipa, barafu yenye harufu ya sambaza, mashavu yakipepea. Watu wanacheka. Nami nilicheka, ilikuwa kweli.

Halafu akasema, "Na huyu Mzee munamuona hapa, rafiki yangu, huyu njo alikuwa fundi. Siku moja, ilikuwa Ijumaa, saa saba, jua kali, patron hayupo. Fundi akaona detanderi imekauka. Akasema, ngoja. Akatoa mawese."

Hema zima lilianguka kwa kicheko. Aliigiza jinsi nilivyopaka, kwa kidole, taratibu, kama mama anayempaka mtoto. Aliigiza vizuri. Alijua jinsi inavyofanywa.

Mimi nikageuka kuwatazama wazee wa meza yangu. Ijumaa, saa saba. Wale wazee tumeswali safu moja tangu nywele nyeusi. Nilingoja mmoja tu aweke kikombe chini, aseme, ah, lakini Ijumaa saa saba huyu angekuwa wapi? Mzee aliyekuwa karibu nami alijifuta machozi ya kucheka, akanipiga begani. "Wewe Fundi Mawese, wewe."

Baada ya maneno yale walianza kugawa soda. Mwana-kwaya mwenyewe alikuja mezani kwetu, kama mwenye sherehe mwenye adabu, amebeba Fanta iliyotoka kwenye ndoo ya barafu, maji yanachuruzika. Akainama mpaka sikioni kwangu.

"Vieux, mzee wangu, haukukasirika? Ni ya kuchekesha batu tu."

Nikamwambia, "Ilikuwa Ijumaa."

 Nilisikia pumzi yake.

"Najua," akasema.

Akaniwekea mkono wake begani, akaiweka soda mbele yangu, akaenda meza nyingine. Huko nilimsikia akiwaambia watu karibu, kuleni, munyweni.

Sikuondoka. Binti hana kosa. Nilisubiri mpaka vijana walipoanza kukunja viti, na chupa ile nilikuwa nimeibana katikati ya magoti yangu chini ya meza, kwa kitambaa, ipate joto. Habari ya meno yangu mwana-kwaya anaijua. Maumivu yake tuliyapata pamoja, mle ndani ya pipa.